Vyungu vya Usambara na Majina Yasiyoulizwa

Katika milima ya Usambara ufinyanzi ni kazi ya wanawake tangu jadi. Hufinyanga kwa mikono bila gurudumu, huanika, kisha huchoma vyungu nje kwa kuni. Vyungu hivyo vimetumika kupikia na kuhifadhia maji, na vingine vimetumiwa na waganga wa Kishambaa katika tiba zao. Mnunuzi akifika mjini Lushoto huuliza bei. Jina la mfinyanzi huuliza kwa nadra. Kwa maoni yangu ufundi upo wa kutosha, ila haujaandikwa ni wa nani.

Mtazame mfinyanzi Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kusomea sanaa Uingereza. Katikati ya miaka ya 1970 alikwenda Abuja, Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi kilichoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew, na huko akajifunza kwa wanawake kama Ladi Kwali namna ya kuinua mtungi kwa mkono mtupu. Hadi leo hatumii gurudumu. Huupaka mtungi udongo laini wa majimaji, huusugua mpaka ung'ae, kisha huuchoma: moto ukipata hewa, mtungi hutoka mwekundu wa chungwa, ukinyimwa hewa, huwa mweusi. Msingi wa kazi hii hautofautiani sana na ule wa bibi wa Kishambaa, lakini mitungi ya Odundo imo British Museum, na mwaka 2020 Uingereza ilimpa cheo cha Dame.

Atakayesema chungu cha maharage si sanaa akumbuke Hamada Shoji wa Japani, mtengenezaji wa sahani na bakuli za kutumia kila siku, ambaye serikali yake ilimtangaza Hazina Hai ya Taifa mwaka 1955. Pingamizi zito zaidi linatoka kwa rafiki yake, Yanagi Soetsu, aliyefundisha kwamba uzuri wa kweli hutoka kwa fundi asiye na jina. Hamada mwenyewe aliacha kutia alama kwenye vyombo vyake. Sawa, lakini aliacha kwa hiari, huku wanunuzi wakimjua vizuri (na masanduku ya vyombo hivyo akiyatia saini!). Mfinyanzi wa Usambara hajapewa nafasi ya kukataa.

Wala kuandika jina lake si jambo gumu. Mwaka 2007 jarida la African Arts lilichapisha makala nzima ya Barbara Thompson kuhusu mfinyanzi mmoja wa Tanzania, Namsifueli Nyeki. Mwenye duka Lushoto hahitaji jarida. Karatasi yenye jina na kijiji inatosha. Hata bei isipopanda, mteja anayetaka chungu cha pili cha mkono uleule atajua amwulizie nani.