Je, Tununue Kigunduzi cha Metali cha Kisasa Zaidi?

Kamati za makanisa, misikiti, shule na masoko ya Bwera, Mpondwe na vijiji vya milimani kama Mahango hutuletea mara kwa mara swali moja. Tunacho kigunduzi cha metali cha kushika mkononi. Je, wakati umefika wa kununua kilicho cha kisasa zaidi, hasa lile lango ambalo mtu hupita katikati yake? Swali hili ni la haki. Fedha zinazokusudiwa ni za sadaka, ada na michango ya watu wenye kipato kidogo, na muuzaji wa vifaa hawezi kutarajiwa kumwambia mteja kwamba hahitaji kununua.

Hofu inayozaa swali hili tunaifahamu sote. Vifaa hivi vilienea milangoni kote nchini baada ya milipuko ya Julai 11, 2010 jijini Kampala, iliyoua watu zaidi ya 70 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Jumapili ya Januari 15, 2023, bomu lililipuka kanisani Kasindi, ng'ambo tu ya mpaka wetu, na watu zaidi ya kumi wakapoteza maisha. Miezi mitano baadaye, usiku wa Juni 16, waasi wa ADF waliishambulia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi.

Matukio hayo hayafanani, na ndiyo maana tunaanza nayo. Waliofika Lhubiriha walikuja usiku wakiwa na silaha na moto. Hawakuwa wageni wa kusimama langoni na kuinua mikono wakaguliwe. Hakuna kigunduzi, cha bei yoyote ile, ambacho kingewazuia. Shule ya bweni iliyo karibu na mpaka ikiwa na fedha za lango la ukaguzi, ushauri wetu ni kwamba fedha hizo ziende kwanza kwenye uzio, taa, walinzi wa usiku wenye simu zenye chaji, na milango ya mabweni ambayo wanafunzi wanaweza kuifungua kwa ndani wakati wa hatari. Tunalisema hili bila kusitasita.

Kwa mahali panapopokea umati mchana, jibu huhitaji kwanza kuelewa kazi ya kifaa chenyewe. Ndani ya kigunduzi kuna koili ya waya inayopitisha umeme na kuzalisha uga wa sumaku. Metali inapoukaribia uga huo, mkondo mdogo wa umeme huzaliwa ndani ya metali hiyo na kuuvuruga uga. Kifaa huhisi mvurugo huo, kikalia au kutetemeka. Ni hayo tu. Hakinusi baruti, hakioni nia ya mtu, wala hakitofautishi chuma cha kisu na chuma cha bawaba. Bomu la kienyeji kinaweza kulihisi kwa sababu ya misumari, nyaya au betri zilizomo, si kwa sababu ya kilipuzi chenyewe. Na hakipigi picha kwa eksirei, kama baadhi ya akina mama wajawazito wanavyohofia. Uga wake ni hafifu. Mwenye kifaa cha kusaidia moyo aliyewekewa na daktari amweleze mlinzi mapema, akaguliwe kwa mikono.

Lango la kisasa linafuata kanuni ileile. Linachoongeza ni kasi, pamoja na taa zinazoonyesha ikiwa metali iko kifundoni, kiunoni au kifuani. Hilo la taa ni faida ya kweli, kwani humwondolea mlinzi kazi ya kupekua mwili mzima. Lakini tufanye hesabu. Ukaguzi kamili kwa kifaa cha mkono huchukua takriban nusu dakika kwa mtu mmoja. Waumini 400 wakipita kwa mlinzi mmoja, ni dakika 200, yaani zaidi ya saa tatu. Hakuna ibada inayosubiri hivyo. Matokeo yake ni kwamba waliochelewa hupungiwa mkono tu wapite, na aliyekusudia mabaya huwa miongoni mwa wachelewaji. Lango huondoa sehemu kubwa ya msongamano huo, ingawa halistaafishi kifaa cha mkono. Iwapo lango litamlilia mtu mmoja katika kila wanne, bado kuna watu 100 wa kukaguliwa kwa mkono, na hizo ni dakika 50. Kwa hiyo anayenunua lango anunue akijua kwamba atahitaji vyote viwili, na walinzi wa kiume na wa kike wa kuvitumia.

Sokoni hali ni ngumu zaidi. Siku ya soko pale Mpondwe, mkulima hubeba panga na jembe, mchuuzi wa samaki ana kisu na mizani, mama ana sufuria na sarafu zilizofungwa kwenye kitenge. Lango litalia kwa karibu kila mtu, na mlinzi aliyesikia mlio mara mia mbili kabla ya saa nne asubuhi hausikii tena. Wengine hupunguza uwezo wa kifaa ili kisipige kelele; hapo huwa wamekinunulia kifaa uziwi kwa gharama kubwa. Sokoni tunapendelea njia chache za kuingilia, meza ya kukagulia mizigo, na wachuuzi wanaojuana na wanaouliza upesi: mfuko huu ni wa nani?

Mahali pa kusimika lango napo hupuuzwa mno. Mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na mvumbuzi Alexander Graham Bell akaleta kifaa cha kuitafuta risasi mwilini mwake. Hakikufaulu, na mojawapo ya sababu zinazotajwa ni springi za chuma za kitanda alicholazwa. Kanisa la mabati lenye mlango mzito wa chuma unaofunguliwa na kufungwa kando ya lango litapata taabu hiyohiyo. Vivyo hivyo sakafu inayotikisika, na magari makubwa yanayopita hatua chache kutoka mlangoni. Isitoshe, lango hutaka umeme wa uhakika. Umeme ukikatika Jumapili asubuhi na betri ya akiba haipo, mnabaki na fremu tupu.

Kwa hiyo, kabla ya kukubali bei, kamati ikijaribu kwanza kile ilicho nacho. Mtu mmoja afiche kisu kidogo kifundoni, kisha kiunoni nyuma, kisha kwapani, naye mlinzi amkague kama amkaguavyo kila mtu. Kisu kisipogunduliwa, chunguzeni kama betri imechoka, kama kifaa kimepitishwa mbali mno na mwili, au kama mlinzi amekagua mbele tu na kuacha mgongo. Kasoro za namna hii hutengenezwa kwa betri mpya na mafunzo ya asubuhi moja. Jaribio hili lifanywe kila zamu inapoanza, hata kwa lango jipya kabisa.

Kifaa kikipita jaribio hilo na foleni bado ikawa ndefu, hapo kanisa au msikiti mkubwa wa mjini una sababu ya kweli ya kununua lango. Lakini kabla yake, wajaribu kifaa cha pili cha mkono kwenye mlango wa pili, kwa kuwa bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya lango. Parokia ndogo ya Mahango, ambako mzee wa kanisa anamjua kila anayepanda mlima kuja kusali, haihitaji lango. Inahitaji watu wawili wa kukagua jengo, chini ya viti na nyuma ya madhabahu, kabla milango haijafunguliwa, kwa sababu kilichowekwa ndani tangu jana hakipiti mlangoni.

Mlinzi naye ajue la kufanya kifaa kinapolia na jibu la mtu lisimridhishe. Asimshike wala asimnyang'anye mzigo. Ukionekana mfuko usio na mwenyewe, usiguswe, watu waondolewe mbali, na simu ipigwe kutoka umbali salama, namba 999 au 112, bila malipo. Mwenyekiti wa LC1 aarifiwe pia. Kamati inayotaka lango lake lipimwe mahali litakaposimama, kabla ya kulipa, imwone ofisa wa uhusiano na jamii katika kituo cha polisi kilicho karibu, ikija na mchoro wa milango yote ya jengo.