Sarafu Yenye Kosa la Kweli na Sarafu Iliyogeuzwa

Yafaa ijulikane kwamba sarafu iliyokosewa kiwandani huweza kununuliwa kwa bei kubwa kuliko thamani iliyoandikwa juu yake, kwa kuwa ni adimu. Kwa sababu hiyo walaghai huzigeuza sarafu za kawaida, wakawauzia wasiojua. Je, mtu atazipambanuaje?

Kwanza tufahamu jinsi sarafu ipigwavyo. Kipande kitupu cha madini huwekwa katikati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, nayo hukikandamiza pande zote mbili kwa pamoja. Kosa la kweli hutokea hapo au kabla ya hapo: pengine kipande kimekaa upande, au ni cha madini yasiyo yake. Lakini lolote litendwalo baada ya sarafu kutoka kiwandani, kwa tupa, nyundo au moto, si kosa la kiwanda, bali ni uharibifu.

Mfano mashuhuri ni senti ya Marekani ya mwaka 1943. Mwaka ule wa vita shaba ilihitajiwa kwa silaha, hivyo senti zilipigwa kwa chuma kilichopakwa zinki. Walakini vipande vichache vya shaba vilivyosalia viliingia mashinani, zikatoka senti za shaba zenye mwaka 1943. Hizo ni chache mno, na bei yake ni kubwa sana.

Walaghai wana hila mbili. Ya kwanza ni kuipaka shaba senti ya chuma. Hiyo hujulikana kwa sumaku, maana chuma hunaswa na shaba hainaswi. Tena senti ya chuma ina uzito wa gramu 2.7 hivi, na ya shaba gramu 3.1. Hila ya pili ni kuchukua senti ya shaba ya mwaka 1948 na kuikwangua tarakimu 8 upande wa kushoto, ifanane na 3. Hapo sumaku na mizani havifai kitu. Tumia kioo cha kukuzia. Tarakimu 3 ya kweli ina mkia mrefu ushukao chini kupita tarakimu za jirani. 8 iliyokatwa haina mkia huo, na mara nyingi huwa na mikwaruzo kandokando.

Basi kabla ya kutoa fedha yako, jiulize: Kosa hili laweza kutokea kati ya mihuri ile miwili? Kama haliwezi, usinunue. Hata sarafu ikishinda majaribu hayo yote, ipelekwe kwanza kwa mjuzi. Na muuzaji akikataa isipimwe, mwache aende zake.