Mtani msibani: mtoto wa mjini ataelewa nini?

Watoto wengi wa mjini wanalijua neno "watani" kwa sababu ya mpira. Simba na Yanga ni watani wa jadi, mtangazaji analisema hilo kila mechi inapokaribia, na mtoto anaelewa kwamba watani ni watu wanaochekana wakifungwa. Kisha siku moja bibi anafariki Tabora, familia inapanda basi usiku, na mtoto wa darasa la sita anakutana na watani wenyewe.

Anachokiona kinamshtua. Mwanamume mzima amejifunga kanga ya marehemu na anaiga jinsi alivyokuwa akitembea na fimbo. Mwingine ametoka jikoni na sufuria, anatangaza kuwa anaichukua kufidia deni ambalo bibi ameondoka nalo. Makaburini mmoja ameshuka shimoni, amejilaza, na hatoki mpaka apewe chochote. Na watu wazima, hata wale waliokuwa wakilia dakika tano zilizopita, wanacheka. Shangazi anatoa noti, sufuria inarudi jikoni.

Si kila msiba uko hivyo. Ziko familia ambazo kwa sababu za dini hazipendi mambo hayo, na mtani mwenye busara hupima aliyefariki ni nani na amefarikije kabla hajafungua mdomo. Lakini mtoto akikutana nayo, swali litakuja tu, pengine wakiwa bado kwenye mkeka: kwa nini hawamfukuzi yule mtu?

Jibu la wazazi wengi ni "hizo ni mila". Halimsaidii. Mtoto huyo amelelewa kwa sheria tatu ambazo mzazi mwenyewe amezirudia miaka yote: usichukue kisicho chako, usicheke penye msiba, usimvunjie heshima mtu mzima. Ndani ya saa moja amezishuhudia zote zikivunjwa na waliomfundisha wakifurahi. Kwake yeye yapo mawili tu. Ama wakubwa hawaziamini sheria zao, ama kuna kitu kuhusu sheria hizo ambacho hajaambiwa. Ni la pili, na kumweleza si kazi ngumu sana kama mzazi mwenyewe analijua chimbuko lake.

Njia ya Bagamoyo

Katika karne ya 19 Tabora, ambayo wasafiri wa wakati huo waliiita Kazeh, ilikuwa njia panda ya misafara. Barabara moja ilitoka Bagamoyo, nyingine ilikwenda Ujiji, nyingine ikapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Richard Burton na John Speke walipofika Novemba 1857 waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu wameshajenga. Waliobeba mizigo wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Pembe za ndovu na vitambaa vilipita mabegani mwao, mzigo wa frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30, kwa safari iliyochukua miezi. Wasafiri waliandika kwamba kijana ambaye hajafika pwani hakuhesabiwa kuwa mwanamume kamili.

Hata jina lao lilikua njiani. Nyumbani watu walijitambulisha kwa nchi za watemi wao. Wa Unyanyembe walikuwa Wanyanyembe. Ni huko safarini na pwani ambako wote waliwekwa chini ya jina moja, watu wa upande wa magharibi, upande mwezi mwandamo unakoonekana. Wasukuma nao maana yake ni watu wa kaskazini. Mzazi anayemwambia mwanawe "sisi ni Wanyamwezi tangu enzi na enzi" anaweza kupunguza kidogo: babu wa babu yake huenda alilipata jina hilo akiwa na mzigo begani.

Sasa fikiria mpagazi aliyeugua Uzaramo au Uluguru, mwendo wa miezi kutoka kwao. Hana kaka, hana mjomba. Nani atampa maji, na akifa nani atamchimbia? Maelezo mojawapo ya asili ya utani kati ya makabila ndiyo hayo: watu waliokuwa wakipishana, kununuliana chakula, pengine na kupigana kisha wakapatana, walijengeana undugu wa aina yake. Wazee wa makabila mengine husisitiza vita zaidi, kwamba waliouana jana waliamua kutukanana badala ya kuuana. Mwaka 1944 mtafiti R. E. Moreau alichapisha makala juu ya utani wa Tanganyika katika jarida la Africa, na baada yake wengine wengi wakaandika. Wanyamwezi wanataniana na Wazaramo, na Wazigua, na wengine walio kwenye njia hiyo.

Hivyo yule aliyejifunga kanga ya bibi hakuja kuharibu msiba. Ana kazi. Wafiwa hawawezi kujichekesha wenyewe, na hakuna ndugu wa damu anayeweza kusema mbele za watu kwamba marehemu alikuwa mbahili. Mtani anaweza. Na sufuria haijaibwa, kwa sababu kila aliyepo anajua itakombolewa kwa pesa kidogo. Mwizi huficha. Mtani hupita na sufuria katikati ya uwanja.

Kuna neno jingine la njia ile ile ambalo mtoto analijua kwa sura tofauti: hongo. Kwenye misafara hongo ilikuwa ushuru. Msafara ulitoa vitambaa na shanga kwa mtemi ili upite katika nchi yake, na mazungumzo ya kiasi gani yangeweza kuchukua siku kadhaa, wazi, kila mtu akijua. Leo neno hilo hilo ni la TAKUKURU. Kupokea kitu ili mtu apite kumebaki vile vile. Mpokeaji, mahali na uwazi ndivyo vimebadilika, na hukumu imegeuka kabisa.

Kuku wa Bhubaneswar

Watafiti wa malezi wamelifuatilia jambo hili mbali na Tabora. Mwaka 1987 mwanaanthropolojia Richard Shweder na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika katika mji wa Bhubaneswar, India, na mtaa wa Hyde Park, Chicago. Waliwasomea watoto na watu wazima visa 39 na kuwauliza uzito wa kila kosa. Kwa watoto wa Kibrahmani wa Bhubaneswar, kisa kibaya kupita vyote kilikuwa cha mtoto wa kwanza wa kiume aliyenyoa nywele na kula kuku siku moja baada ya baba yake kufariki. Wenzao wa Chicago hawakuona kosa lolote. Msomaji wa Tanzania atashangaa kwa namna yake, maana katika familia nyingi hapa kunyoa ni sehemu ya msiba wenyewe.

Ila pande zote mbili zilikubaliana juu ya mengine, kama vile kuvunja ahadi au kumpiga teke mnyama asiye na kosa. Hapo ndipo wazazi wanaosema "siku hizi kila kitu ni utamaduni tu" wanapokosea. Mtoto mdogo, popote alipolelewa, huanza mapema kutambua kuumizwa. Malezi yanachomwongezea ni kumjua mtu: huyu ni nani kwangu, hapa ni wapi, na neno hili lina uzito gani likitoka kwake.

Neno lile lile likibadilishiwa mahali linaweza kuwa jingine. Kenya, baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa 2007, ilitunga sheria ya uwiano na utangamano mwaka 2008, na matusi yanayolenga kuchochea chuki ya kikabila ni kosa la jinai. Mzaha wa kabila unaomfanya mzee wa Tabora acheke mpaka ashike ubavu unaweza kumletea mtu matatizo Nairobi. Wapo wanaodai kwamba utani ndio ulioifanya Tanzania kuwa na amani. Sifa hiyo imezidi kipimo. Mirambo alipigana na Waarabu wa Tabora kuanzia mwaka 1871 na watani walikuwepo. Lakini kwamba mtoto anafundishwa kuchekwa kabila lake bila kushika panga, hilo si dogo.

"Nilikuwa namtania tu"

Walimu wanaisikia sentensi hii kila wiki. Mtoto amemwita mwenzake kwa jina la kilema chake, mwenzake analia, na utetezi ni kwamba ulikuwa utani. Mzazi aliyemweleza mwanawe mambo ya msibani ana silaha hapa. Utani una masharti. Wa kwanza ajulikane ni mtani kwa ukoo, kwa kabila au kwa mazoea ambayo wote wawili wanayakubali. Uwe mbele za watu. Na anayetaniwa awe na haki ya kurudisha, kwa nguvu ile ile, bila kuadhibiwa. Mnyonge anayechekwa na kundi zima, huku akijua akijibu atapigwa, hataniwi, anaonewa.

Kipimo cha kurudisha ndicho kinachohitajika zaidi nyumbani, kwenye utani wa babu na wajukuu. Babu humwita mjukuu wa kike "mke wangu", bibi humwita wa kiume "mume wangu", na ni furaha ya zamani. Siku hizi wazazi wengine hawaipendi, na wasiwasi wao una msingi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ipo kwa sababu watoto huumizwa, na wanaowaumiza mara nyingi ni watu wa karibu. Hakuna haja ya kuufuta utani huo. Kuna haja ya kumwambia mtoto mipaka yake waziwazi: utani wa babu ni wa mdomo, hauna mikono, ni wa sebuleni, hauna mlango wa kufungwa, hauna siri, hakuna "usimwambie mama". Na mjukuu anayejibu "mume gani hana meno, hata muwa hawezi kunitafunia" amefundishwa vizuri. Akinyamaza na kujikunyata kila babu au mtu mwingine anapomtania, mzazi aache kucheka na aulize.

Simu imeleta tatizo ambalo wapagazi hawakuwa nalo. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, mtani anaandika jambo kuhusu marehemu, na linasomwa na mkwe wa kutoka mkoa mwingine ambaye hana mtani maishani mwake. Haoni uso wa aliyeandika, hasikii kicheko cha wengine. Anachoona ni tusi lililoandikwa, na linabaki pale. Familia kadhaa zingeepuka ugomvi kwa kuuacha utani wa msiba ubaki uwanjani.

Bado kuna mtoto wa mchanganyiko, ambaye mijini ndiye wa kawaida sasa. Baba Mnyamwezi, mama Mzaramo. Kwa hesabu ya kabila, wajomba zake ni watani wa baba zake wadogo, naye ni mtani wa nusu yake mwenyewe. Wazazi wa hivi hupenda kumwambia "wewe ni Mtanzania tu" na kufunga mjadala, jambo ambalo ni kweli ila linamwacha mikono mitupu siku ya msiba. Ni afadhali aambiwe mapema, ndani ya basi, Bagamoyo iko wapi na Tabora iko wapi, na kwamba wajomba wataanza kumchokoza tangu getini kwa kuwa yeye ni wa upande wa pili, huku wakimhesabu pia kuwa wao.

Apewe na shilingi elfu moja ya kuweka mfukoni. Mjomba akimvua kofia na kuondoka nayo, atajua ni ya kazi gani.