Jasho la Chujio la Maji: Umande au Uvujaji?

Maji yanayotiririka upande wa nje wa chujio la maji ya kunywa huwatia wenye nyumba hofu mbili: kwamba chombo kimepasuka, au kwamba maji machafu yamepata upenyo wa kuikwepa mishumaa, yaani zile neli za kauri zenye vitundu vidogo mno ambavyo maji hupenya huku bakteria na takataka zikizuiliwa. Mara nyingi hofu zote mbili hazina msingi, kwa sababu maji hayo hayakuwahi kuwamo ndani ya chujio hata kidogo. Yametoka katika hewa ya jikoni.

Hewa daima hubeba mvuke, na kadiri inavyokuwa na joto ndivyo inavyoweza kubeba mwingi zaidi: mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzijoto 25 za sentigredi huchukua hadi gramu 23 za mvuke, ilhali hewa ya nyuzijoto 15 hushiba ikiwa na gramu 13 tu. Hewa ya vuguvugu inapogusa kitu baridi hupoa, na mvuke uliozidi hugeuka matone, tendo ambalo wanasayansi huliita utoneshaji. Nayo nyuzijoto ambayo matone huanza kutokea huitwa kiwango cha umande. Daktari William Charles Wells, katika kitabu chake kuhusu umande kilichochapishwa London mwaka 1814, ndiye aliyeeleza kwa ushahidi wa majaribio kwamba umande hujitunga juu ya vitu vilivyopoa kuliko hewa inayovizunguka.

Peramiho, iliyoko magharibi ya mji wa Songea katika nyanda za takribani mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ina misimu miwili inayochochea hali hii kwa njia tofauti. Wakati wa masika hewa hujaa unyevu kutwa, na ikiwa jikoni kuna nyuzijoto 24 na unyevu wa asilimia 85, kiwango cha umande hukaribia nyuzijoto 21, hivyo maji ya bomba yenye nyuzijoto 19 yakimiminwa katika chujio la chuma hutosha kulitoa jasho mara moja. Katika kipupwe cha Juni na Julai sababu ni ubaridi wa usiku: chujio hulala likipoa, kisha alfajiri moto unawashwa, chungu cha maharage kinachemka bila mfuniko, na mvuke wake unaliendea lile chujio baridi lililo hatua mbili tu kutoka mafigani. Ndoo za plastiki hutoa jasho kidogo kuliko chuma, kwa kuwa plastiki hupitisha joto polepole.

Hapa inafaa kutofautisha jasho hili na ubichi wa mtungi wa udongo, ambao wengi huulinganisha nalo. Maji ya mtungi hutoka ndani kweli, yakipenya vinyweleo vya udongo na kukauka nje, na kukauka huko ndiko kunakoyapoza yaliyobaki. Chuma na plastiki havina vinyweleo hivyo.

Jasho la umande lina alama moja iliyo dhahiri: hufunika chombo pande zote, kisha hukoma kwenye mstari ulionyooka ulio sawa na kina cha maji yaliyomo, na mstari huo hushuka kadiri maji yanavyotumika. Uvujaji huanza mahali pamoja, aghalabu kwenye nati na mpira wa bomba, ukaacha njia nyembamba ya maji chini yake huku sehemu nyingine zikiwa kavu. Shaka ikibaki, ndoo ya chini, ile inayopokea maji yaliyochujwa, imwagwe, ikaushwe vizuri, ijazwe chai ya rangi iliyopoa hadi joto la chumba, kisha karatasi nyeupe itandikwe chini yake: karatasi ikipata doa la chai, chombo kinavuja, ikibaki kavu, lililokuwapo lilikuwa umande.

Umande wenyewe ni maji safi, lakini usipuuzwe, kwani ukitiririka huosha vumbi na uchafu wa mikono ulioko nje ya chombo, na unaweza kuuingiza katika maungio ya ndoo mbili au kuudondosha kutoka kwenye bomba hadi ndani ya glasi. Hili ndilo jambo zito kuliko meza iliyolowa. Kwa hiyo upande wa nje, hasa maungio na mdomo wa bomba, upanguswe kila siku kwa kitambaa safi, chujio lisogezwe mbali na moto na liachiwe nafasi ya shubiri moja kutoka ukutani, vyungu vifunikwe, na maji yaliyotekwa alfajiri yaachwe yapate joto la chumba kabla ya kumiminwa. Maji yaliyochemshwa nayo yasubiri hadi yapoe, kwa maana joto la ghafla linaweza kuupasua mshumaa wa kauri, na ufa wake, hata ukiwa mwembamba kama unywele, huyapitisha maji bila kuyachuja.

Penye chujio lililofungwa moja kwa moja kwenye bomba la maji ya mserereko, viungo vya shaba ndivyo hutangulia kulowa, na vinapaswa kuvikwa sponji ya mpira isiyonyonya maji, wala si matambara, kwa kuwa tambara hufyonza umande, hushinda bichi, na kuvu huota chini yake pasipo kuonekana.