SHAHIDI ASIYEFUNDISHWA



Wengi wanatuuliza sisi wa ordinateri: namna gani munajua kama programu yenu iko nzuri? Nitajibu kwa jambo lililotupata sisi wenyewe.

Tulipewa kazi ya kuandika programu inayosoma daftari la pointi na kusema: huyu amefaulu, huyu ameshindwa, ao huyu angojee. «Angojee» ni kwa mwenye kukosa ekzamini juu ya ugonjwa. Wengine wote, ni 50 kwa 100 ndipo wanapita.

Kila kipande cha programu kinapaswa kujaribiwa peke yake. Lakini daftari la kweli linakaa ofisini, halichezewi. Basi kwanza tuliandika mapatano, ndiyo wanaita entefasi: kila daftari liwe na sifa tatu, ni kusema jina, pointi, na hesabu ya ekzamini zilizokosa. Programu haiulizi daftari linatoka wapi. Inauliza zile sifa tu. Kwa hiyo tunaweza kuipa daftari la uwongo, jina lake moki. Moki ni kama shahidi tunayemufundisha jibu: «Wakikuuliza pointi, sema 62.» Tim Mackinnon, Steve Freeman na Philip Craig walieleza namna hii katika mwaka 2000. Sisi tunaandika kwa Java, na chombo chetu cha kutengeneza moki ni Mockito.

Tulifundisha moki pointi 62: programu ikasema amefaulu. Tukafundisha 30: ameshindwa. Tukapiga mikono!

Kisha tukaweka daftari la kweli. Mwenzetu mmoja alilala na malaria, akakosa ekzamini mbili. Programu ikamwandikia: ameshindwa. Kama karatasi ile ingetoka, angerudia mwaka bure.

Bwana mwalimu akauliza neno moja tu: «Nani aliwaambia kama hakuna aliyekosa?»

Hakuna. Ni moki yenyewe. Sifa ambayo hukuifundisha, Mockito hainyamazi, inajibu: kama ni hesabu, 0, kama ni ndiyo ao hapana, inasema hapana. Hatukusema neno juu ya ekzamini zilizokosa, nayo ikajibu 0 kila mara. Kosa letu lilijificha pale: tulipima pointi mbele ya kuuliza kama mutu alikosa. Tena, ukiandika pointi 14 ndani ya moki na kuiuliza nyuma, haikumbuki, itasema 0.

Tukaongeza jaribio la tatu: pointi 30, zilizokosa 2, jibu liwe «angojee». Likaanguka. Tukageuza mustari wa kuuliza, tukautia juu. Likapita.

Jambo hili si la masomo tu. Kule Eldoret, Kenya, katika mwaka 2006 walianza kuandika wagonjwa kwa OpenMRS, programu ya Java vilevile. Pale 0 ya uwongo inaweza kugusa dawa ya mutu.

Basi wenzangu, jaribio likipita, musifurahi upesi. Ulizeni shahidi alifundishwa nini, na nini alijibu kwa kichwa chake. Biblia inataka mashahidi wawili ao watatu: kisha moki, leteni na daftari la kweli.

Kazi njema, na Mungu awasaidie katika ekzamini.

Ndugu yenu, mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa mwisho