Fukusi hai si cheti cha usalama wa mahindi

Gunia la mahindi likikaa ghalani na unyevu wake, haichukui muda mrefu utakuta fukusi wakitembea juu ya punje zilizoota ukungu wa kijani. Wanakula, wanataga, wanazaana. Ukungu wa namna hiyo huweza kuwa Aspergillus flavus, kuvu inayotengeneza sumukuvu. Aina yake kali zaidi, B1, husababisha saratani ya ini. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania. Sasa mdudu anaponaje?

Jibu linaanzia kwenye ini la binadamu. B1 yenyewe, jinsi inavyomezwa, haina makali sana. Ini lina vimeng'enya vya jamii ya P450, ambavyo kazi yake ni kubadili kemikali ngeni ili mwili uweze kuzitoa. Kwa B1, baadhi ya vimeng'enya hivyo huharibu kazi: huigeuza kuwa epoksidi, molekuli inayong'ang'ania DNA na kuiharibu. Jeni liitwalo p53, ambalo huzuia seli zisizaliane ovyo, ni mojawapo ya yanayoathirika. Yaani kiungo kinachotulinda ndicho kinachoinoa sumu.

Wadudu nao wana P450. Aliyechunguzwa kwa kina ni kiwavi wa masuke ya mahindi wa Marekani, Helicoverpa zea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, akiwemo May Berenbaum, walibaini kwamba kimeng'enya chake kimoja, CYP321A1, huibadili B1 kuwa P1, ambayo sumu yake ni ndogo. Lakini kiwavi huyohuyo ana vimeng'enya vingine vya P450 vinavyoinoa sumu, kama ini letu! Kupona kwake kunategemea ni upande gani unaoiwahi B1. Kiwavi mchanga hudhurika haraka kuliko aliyekomaa. Na akilishwa baadhi ya kemikali ambazo mimea hujilinda nazo, CYP321A1 huongezeka na uvumilivu wake hupanda. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo zito kuliko yote: vita vya miaka mingi dhidi ya sumu za mimea vimemwachia kiwavi silaha inayofaa pia dhidi ya kuvu.

Wapo wanaomzidi. Mwaka 2017 watafiti wa Wageningen, Uholanzi, waliwalisha funza wa nzi askari mweusi chakula chenye hadi miligramu 0.5 za B1 kwa kilo. Funza walikua vizuri, na B1 haikuonekana miilini mwao. Habari hiyo ni njema kwa wanaofuga funza hao kwa ajili ya kuku na samaki, ila si ruhusa ya kuwatupia nafaka yoyote iliyooza. B1 kutoweka si sawa na sumu kwisha, kwa kuwa mazao ya mabadiliko yake nayo lazima yapimwe.

Kwa hiyo fukusi akiwa hai ndani ya mahindi, hajathibitisha lolote kuhusu usalama wako. Tena yeye ni mshirika wa kuvu: hutoboa punje na kubeba mbegu za ukungu kutoka punje moja hadi nyingine. Dumuzi, ambaye wakulima wengi wa Tanzania humwita Scania, hufanya vivyo hivyo.

Kuchemsha au kusonga ugali hakuimalizi sumukuvu, kwa sababu inahimili joto la jikoni. Anika mahindi juu ya turubai, si ardhini, mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5. Chambua punje zilizovunjika na zilizobadilika rangi. Kisha hifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ambamo fukusi hufa kwa kukosa oksijeni. Punje ulizozitenga usimpe ng'ombe wa maziwa: mwili wake huigeuza B1 kuwa M1, nayo hutoka kwenye maziwa anayokunywa mtoto.