Una nini nyumbani?

Hali ni ngumu, na wewe wa Magomeni umeamua kuanza biashara sasa. Fomu ya mkopo unayo mkononi, ule wa kausha damu, rejesho kila siku.

Ngoja kidogo. Fungua 2 Wafalme 4. Mjane yule alikuwa na deni, na mdai amekuja kuwachukua wanawe wawili. Elisha hakumpa fedha. Alimuuliza ana nini nyumbani. Alikuwa na chupa moja ya mafuta. Akatumwa kwa majirani kuazima vyombo vitupu. Hapo mimi husimama kila nikisoma: aliazima vyombo, hakuongeza deni.

Mama zetu wa mji huu walianzia hapo miaka ya 1980. Vita vya Kagera vimekwisha, sukari na sabuni ni za foleni, mshahara haufiki mwisho wa mwezi. Wakakaanga maandazi, wakauza barafu mlangoni. Wapo wanaosoma ukurasa huu waliosomeshwa kwa maandazi hayo.

Mjane alipouza mafuta, alilipa deni kwanza, kisha akaishi na wanawe kwa kilichobaki.

Leo ukitoka ibadani, kabla hujasaini fomu ile kesho, ingia jikoni uhesabu ulicho nacho. Kisha kamuone jirani mwenye sufuria kubwa.